Nani Atapokea Upanga wa Bwelo

Vita vya Nguvara na Tandisha dhidi ya Bwelo vilikuwa vimeingia mwaka wa pili wakati wakubwa wa nchi mbili zile za muungano walipoamua kukutana Kolwezi. Mtu wa Kolwezi hakuulizwa. Rais wa Nguvara alikataa kwenda mji mkuu wa Tandisha. Jemadari, mkuu wa Tandisha, alikataa kwenda mji mkuu wa Nguvara. Na wote wawili walikataa mji mkuu mwingine wowote, kwa sababu mwenye mji angesimama katikati kwenye picha. Ikabidi watafute mji wenye uwanja wa ndege, hoteli ya kufaa, na usio na rais ndani yake. Wakaangukia kwetu.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya Mama Kabedi, mjane aliyeanza na vyumba vinne vya kupangisha mainjinia wa migodi, akaongeza ukumbi, kisha akaongeza bwawa la kuogelea ambalo maji yake hayakuacha kuwa na rangi ya kijani ya shaba hata atie dawa gani. Alipopata habari za wageni alimpigia simu Djamila, mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari.

“Djamila mama, bantu bakubwa banakuya kwangu. Mumoja anasema Kifaransa, mwingine Kiingereza. Banatafuta mutafsiri mwenye haogopake.”

“Mi naogopaka sana, mama.”

“Basi usionyeshe.”

Djamila angekataa, maana alikuwa na mitihani ya kusahihisha na hakupenda kukaa karibu na watu wenye bunduki. Lakini kulikuwa na habari ya Mansour. Mansour ni ndugu yake, dereva wa lori kama baba yao na babu yao, watu waliotoka Kasongo zamani na kujifanyia maisha kwa kusafirisha mizigo ya wengine. Alikuwa amepeleka saruji Bwelo, na kabla hajarudi daraja la mpakani likafungwa na majeshi ya muungano. Tangu siku hiyo alilala ndani ya kabini ya lori, upande mbaya wa mto, pamoja na madereva wengine waliokwama, mabomu yakipita juu ya vichwa vyao kwenda na kurudi. Mtandao ukishika alipiga simu. Mara ya mwisho alisema amepanda nyanya kando ya tairi la nyuma na zimeanza kutoa maua. Mama yao, Hawa, aliposikia habari ya maua alilia kuliko alivyolia kwa habari ya mabomu, kwa sababu aliona mwanawe anahamia huko.

Djamila akawaza: nikikaa katikati ya wale walioshika vita mkononi, angalau nitasikia vinaisha lini. Akavaa kitenge chake kipya, akaenda.

Siku ya kwanza mkutano haukufanyika kwa sababu ya mlango. Ukumbi wa Mama Kabedi ulikuwa na mlango mmoja, na kila mkuu alitaka kuingia kwanza. Godefroid Kalumba, mtu mwembamba mwenye miwani ya kamba aliyekodiwa kwa kazi ya itifaki, alipendekeza waingie pamoja, bega kwa bega. Walipojaribu na walinzi wao kwanza, walinzi wawili walikwama mlangoni na ikabidi wavutwe kwa mikanda. Basi akaitwa fundi, akatoboa ukuta.

“Ukuta yangu!” Mama Kabedi alilia. “Godefroid, ile ukuta ilinikula mwaka muzima!”

“Mama, ni juu ya amani,” Godefroid alisema.

“Amani haina kichwa? Haiwezi kuinama na kupita mu dirisha?”

Mlango wa pili ulipokuwa tayari, mjumbe wa Tandisha akaupima na kugundua kwamba ni mfupi kuliko ule wa kwanza. Jemadari ni mtu mrefu sana. Lakini kuupandisha kungechukua siku nyingine, na Rais, ambaye ni mfupi, alikuwa amekwisha kusema kwamba mlango mrefu anautaka yeye. Ndivyo ikawa: mfupi akapita mlango mrefu, na mrefu akapita mlango mfupi, ameshika kofia.

Walipokaa, Djamila akiwa katikati yao kwenye kiti cha plastiki, jambo la kwanza lilikuwa jina la shambulizi la mwisho. Nguvara walitaka liitwe Radi. Tandisha walitaka liitwe Ngurumo. Kila mmoja alieleza kwa urefu, mmoja kwa Kifaransa, mwingine kwa Kiingereza, na Djamila akatafsiri kwamba radi ndiyo inayoua, ngurumo ni kelele tu. Kisha akatafsiri kwamba radi haina maana kama hakuna wa kuisikia. Haikuwa mara yao ya kwanza kushindana kwa maneno. Mwezi uliopita kila jeshi lilikuwa na neno lake la siri, na walipokutana gizani kwenye kilima kimoja, hakuna aliyejua neno la mwenzake. Walipigana wao kwa wao mpaka asubuhi. Kila upande ulitangaza ushindi, na kwa kuwa walikuwa marafiki, kila upande ulimpongeza mwenzake.

Wakati wa chakula Djamila alitoka kwenda baraza la mapokezi kupumzisha koo. Hapo alimkuta mzee mmoja wa suti ya kijivu, ameketi wima kwenye kochi, na katoni ndefu imelala juu ya magoti yake. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la barabara ya malori.

“Mama, samahani,” mzee alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili cha hapahapa. “Unaweza kunionyesha ni nani hapa anapokeaka bantu benye banajisalimisha?”

Djamila alidhani hakusikia vizuri. “Banajisalimisha namna gani, tata?”

“Mi ni Mushiya. Nilisomaka Likasi zamani, njo maana unasikia nasema hivi. Minatoka Bwelo. Tumeshindwa. Hatuna tena risasi, hatuna mazuti ya kutia mu magari, chakula nayo inakwisha. Mukuu wa jeshi alinipa upanga yake nilete. Kwetu vita inakwisha pale mwenye kushinda anapokea upanga na mukono.” Akapapasa katoni. “Nilikuya na basi. Kila fasi banauliza ni nini, minasema ni fimbo ya rido, ya kutundika pazia ku dirisha.”

“Na bale bakubwa, banajua uko hapa?”

“Banajua vizuri. Tangu juzi.”

Djamila aliporudi ukumbini aliuliza, kwa adabu yote, kama hawapaswi kuongea na yule mzee wa nje. Akapata kusikia yote. Rais alisema upanga utakabidhiwa kwake, mbele ya kamera, kwa sababu Nguvara ndiyo iliyofyatua risasi ya kwanza. Jemadari alisema utakabidhiwa kwake, kwa sababu Tandisha ndiyo iliyofyatua nyingi zaidi. Godefroid alipendekeza waupokee pamoja, mmoja ashike mpini na mwingine ashike ncha. Hakuna aliyekubali ncha. Mtu mwingine akasema ukatwe katikati, wakamwita Mushiya kumuuliza. Mzee akakumbatia katoni yake.

“Upanga ikikatwa inakuwa visu mbili,” alisema. “Inchi muzima haiwezi kujisalimisha kwa visu.”

Wakamrudisha kwenye kochi. Kisha wakuu wa muungano wakakubaliana, kwa mara ya kwanza tangu wafike, kwamba kwa kuwa hawajajua nani atapokea, itabidi vita viendelee kidogo. Mpiga taipu akaandika tangazo: mapigano hayatasimama mpaka amani ipangwe vizuri. Djamila alilitafsiri neno kwa neno, na alipomaliza alijikuta ameshika ukingo wa meza kana kwamba chumba kinazama.

Kesho yake saa sita, wakiwa bado kwenye upanga, sakafu ilitikisika. Vioo vya madirisha vilipiga kelele, glasi ya Rais ikaanguka, na mlio mzito ukapita chini ya jengo zima kama treni. Walinzi wote walilala kifudifudi. Djamila alivutwa mkono na mtu, hakujua nani, na alipofumbua macho alikuwa chini ya meza, kati ya Rais wa Nguvara na Jemadari wa Tandisha, kitambaa cha meza kimewafunika pande zote kama hema.

“Mungu wangu, wametufikia,” Jemadari alinong’ona. Kwa Kiswahili.

“Nani atufikie?” Rais akajibu. Kwa Kiswahili. “Bwelo hawana hata risasi. Mzee wao yuko hapo nje na katoni.”

“Kweli, bwana.”

Wakasikiliza. Hakuna kilichofuata. Jemadari akaanza kucheka, kicheko kidogo cha puani, na Rais akakidaka.

“Goti langu,” Jemadari alisema. “Sitatoka hapa bila winchi.”

“Langu la kushoto. Lako?”

“Yote mawili. Na kile kimlango chenu kimenimaliza mgongo.”

“Ndugu yangu,” Rais alisema, “nikwambie jambo. Siku vita vilipoanza nilikuwa kwa daktari wa meno. Nilirudi na shavu limevimba, nikaambiwa tumo vitani. Nikauliza, na nani? Wakasema, usijali, tuko pamoja na Tandisha.”

“Mimi nilidhani wewe ndiye uliyevitaka!”

“Mimi? Nilikuwa nakufuata wewe.”

“Basi tumalize. Chukua wewe huo upanga, mimi nikapumzike.”

“Hapana, chukua wewe. Wewe una ukuta mkubwa wa kuutundika.”

Djamila aliona vita vimekwisha. Alimwona Mansour anawasha lori, anavuka daraja. Akakosea, akafungua mdomo.

“Bakubwa,” alisema, “ile haikuwa bomu. Ni mine, kule banachimbaka shaba. Banapasuaka majiwe kila siku saa sita.”

Wanaume wale wawili walimgeukia. Walikuwa wamesahau kabisa kwamba yupo. Rais alikohoa. Jemadari akashika kofia yake. Wakatambaa nje, kila mmoja upande wake, wakajifuta vumbi na kukaa vitini, huku walinzi wakiinuka na kujifanya walikuwa wanatafuta kitu sakafuni.

“Mama,” Rais alisema kwa Kifaransa, akinyoosha tai, “mwambie Jemadari kwamba Nguvara haitaachia upanga hata kidogo.”

“Mwambie Rais,” Jemadari alisema kwa Kiingereza, “kwamba Tandisha imesikitishwa.”

Djamila alitafsiri. Hakujua hata ametafsiri nini.

Jioni ilikuwa bado haijaanza alipopata simu ya Mansour. Alitoka nje mpaka kando ya bwawa la kijani ili asikie vizuri.

“Dada,” Mansour alisema, na sauti yake haikuwa ya mtu anayepanda nyanya. “Henri alikufa. Henri wa Sandoa, mwenye lori ya buluu. Alienda kuchota maji ku mto, bomu ikaanguka. Tulikuwa tunapangana zamu ya maji. Leo ilikuwa zamu yangu. Alisema, wewe lala, macho yako inakuwa mwekundu.”

“Bomu ya nani?”

“Nitajua je? Bote banatupa. Yeye alikuwa na ndoo tu.”

Mtandao ukakatika. Djamila alisimama pale ameshika simu sikioni, akiwasikiliza wapishi wakigonganisha sufuria. Aliwaza kwamba wakati Henri anashika ndoo, yeye alikuwa chini ya meza anasikia habari za meno. Aliwaza kwamba kama asingesema neno lile la mine, labda wangemaliza. Kisha akawaza kwamba hapana, wasingemaliza; wangetoka tu na kukanusha kila kitu, kama walivyofanya. Hasira ikampanda polepole. Hakuwahi kuwa na hasira ya namna hiyo hata kwa wanafunzi.

Akaingia barazani. Mushiya alikuwa anakula. Mama Kabedi, aliyekwisha kuchoka kumwona mzee amekaa na njaa ndani ya hoteli yake, alikuwa amemletea bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya mihogo na samaki mkavu, na alikuwa amesimama kando na mwiko kuhakikisha anamaliza. Katoni ilikuwa imelala kochini.

“Tata Mushiya,” Djamila alisema, “rafiki wa ndugu yangu alikufa sasa hivi pale ku daraja. Alienda kuchota maji.”

Mzee aliacha tonge hewani. Aliliweka chini, akafuta vidole kimoja kimoja. “Pole, mama. Pole sana. Na mi niko hapa na upanga, na nakula samaki.”

“Mukuu wako alikuambia unapatia nani?”

“Alisema: patia mwenye atapokea.”

“Alisema lazima akuwe rais?”

Mushiya alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayerudia maneno yote ya safari yake tangu mwanzo. “Hapana,” alisema. “Hakusema vile.”

“Basi nipe mi.”

“Djamila!” Mama Kabedi alisema.

“Wewe ni nani mu hii vita?” mzee aliuliza, si kwa dharau, alitaka kujua.

“Mi ni muntu mwenye iko na mikono. Ndugu yangu iko kule. Bale bawili mule ndani hawatapokea, utazeeka hapa ku kochi. Mi napokea. Nipe, tata, na upige simu.”

Mushiya alisimama. Alifunga vifungo vya koti, vyote, hata kile ambacho hakina tundu. Akatoa upanga katoni: upanga wa zamani, mpini umefungwa ngozi iliyochakaa, chuma chake kimeng’aa kwa kusuguliwa na watu wengi. Mama Kabedi aliushusha mwiko wake na kusimama wima bila kuambiwa.

“Kwa jina ya Bwelo,” mzee alisema, “bantu yake, na askari yake, na benye bamekufa, tunaacha vita. Tunaomba mwenye kupokea hii upanga atuhurumie.”

“Minapokea,” Djamila alisema. “Na ninabahurumia.”

Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Mzee aliachia, na ghafla akaonekana mdogo ndani ya suti yake, kama nguo iliyotolewa kwenye kamba. Kisha akatoa simu, akampigia mkuu wake wa jeshi. “Imepokelewa,” alisema. “Ndiyo, mukubwa. Na mukono. Na mwanamuke mumoja wa Kolwezi. Ndiyo. Anasema anatuhurumia.” Akasikiliza, akafunga simu. “Analia,” aliwaambia. “Anasema aksanti.”

Haikupita hata nusu saa simu zikaanza kulia ndani ya ukumbi. Majenerali wa Nguvara walisema askari wa Bwelo wametoka kwenye mahandaki, wamekaa barabarani, wameweka bunduki chini na wanaomba sigara. Majenerali wa Tandisha walisema hivyohivyo. Adui anasema amekwisha kujisalimisha. Kwa nani? Kwa Djamila wa Kolwezi. Jenerali mmoja alitaka kujua jeshi la Djamila lina vifaru vingapi, na liko upande gani wa mto, maana hakulikuta kwenye ramani.

Rais na Jemadari walitoka ukumbini kwa pamoja, kila mmoja kwa mlango wake, na Jemadari kwa haraka yake akagonga paji la uso. Kabla hawajamfikia Djamila walikuwa wamekwisha kutoa tangazo la pamoja, la kwanza la muungano ambalo halikuhitaji mjadala: nchi zote mbili zinalaani vikali uporaji wa ushindi uliofanywa na mwalimu wa shule. Hata jina la tangazo hawakulibishania.

Walimkuta ameketi kochini na upanga magotini, Mushiya upande mmoja, Mama Kabedi upande mwingine. Walinzi, wajumbe na Godefroid wakajaa baraza lote.

“Mwambie mwanamke huyu,” Rais alisema kwa Kifaransa, akimtazama Djamila, “arudishe upanga mara moja.”

Djamila aliuweka sawa upanga magotini. Kisha, kwa kuwa ndiyo kazi aliyokodiwa, akajigeukia. “Djamila, Rais anasema urudishe upanga.” Akajibu: “Mwambie Rais hauwezi kurudi kwake, maana hakuwahi kuwa nao.”

“Mwambie,” Jemadari alinguruma kwa Kiingereza, huku uvimbe ukimwota kwenye paji la uso, “anacheza na moto!”

“Djamila, Jemadari anasema unacheza na moto.” Akajibu: “Mwambie Jemadari, mfungue daraja, madereva warudi nyumbani. Halafu tutaongea habari ya upanga.”

Rais alisema Nguvara itafungua upande wake baada ya Tandisha kufungua. Jemadari alisema Tandisha itafungua baada ya Nguvara. Djamila alitafsiri la kwanza, akatafsiri la pili, kisha akachoka. Alisimama. Upanga ulikuwa mkubwa mno kwake, ikabidi ausimamishe chini na kuuegemea kama jembe.

“Mi sitafsiri tena,” alisema kwa Kiswahili. “Hakuna kazi. Mwote munasikia Kiswahili. Tulikuwa wote chini ya meza.”

Wajumbe wa pande zote mbili walitazamana. Mmoja aliuliza, chini ya meza ipi? Mwingine akauliza, Kiswahili? Maana Rais alikuwa amewaapia watu wake kwamba hajui hata neno moja la lugha ya majirani, na Jemadari alikuwa amepiga marufuku Kiswahili ofisini kwake.

“Na kule chini,” Djamila akaendelea, “mumoja alisema habari ya meno—”

“Fungua daraja!” Rais alisema.

“Fungua daraja!” Jemadari alisema.

Walikuwa wamesema kwa pamoja, kwa sauti moja, kwa Kiswahili. Godefroid Kalumba alivua miwani na kuifuta, na kuna watu wanaoapa kwamba alikuwa anatokwa na machozi. Maofisa wakakimbilia simu. Amri ikafika mtoni ikiwa bado moto.

Kuhusu picha, mambo yalimalizwa na Mama Kabedi. Wakati watu wanakimbia huku na huku alimwambia Djamila amrudishie Mushiya upanga, na Djamila akafanya hivyo, kwa sababu hakujua angeufanyia nini nyumbani kwao penye mama mzee. Mzee akaondoka na basi la asubuhi, ameuviringisha kwenye mkeka. Ndani ya katoni Mama Kabedi alitia fimbo ya rido ya chumba namba tisa. Rais alipigwa picha ameshika katoni, akidhani upanga umo, akiwa amesimama ndani ya mlango wake. Baadaye, baada ya Rais kwenda kulala, Jemadari akapigwa picha ameshika katoni ileile ndani ya mlango wake, ameinama kidogo. Wakaondoka kwa ndege mbili. Kila mmoja alifanya gwaride kwao. Hakuna aliyefungua katoni mbele ya mwenzake, na hata leo Mama Kabedi hajui ni nani aliyeondoka na fimbo yake.

Mansour alirudi kupitia Lubumbashi, amekonda, ndevu zimefika kifuani, na beseni la nyanya kwenye kiti cha abiria. Hawa hakumkaribisha, alimpiga kofi kwanza, kisha akamshika asimwachie mpaka kitambaa chake cha kichwani kikaanguka. Siku iliyofuata Mansour hakupumzika. Walienda yeye na Djamila mpaka Sandoa, kwa barabara ile ya mashimo, kupeleka viatu vya Henri na funguo za lori la buluu kwa mke wake, Joyeuse. Mwanamke yule alizishika funguo muda mrefu. Aliuliza swali moja tu: vita vilikuwa vya nini? Djamila, aliyekuwa amekaa katikati ya wakubwa wale na kutafsiri kila neno, alitafuta jibu kwa lugha zote alizozijua. Mwishowe akasema, “Sijue, mama.” Wakalia pamoja mpaka jua likawa chini.

Alirudi shuleni, akamaliza mitihani. Alidhani yamekwisha.

Siku moja, katikati ya somo, Mushiya alimpigia simu.

“Mama, habari ya Kolwezi? Bunge yetu ilikaa. Banasema vile tulijisalimisha kwako, hatuwezi kufanya kitu bila ruhusa. Tunaomba ruhusa ya kutengeneza daraja.”

“Tata Mushiya, mi si mukubwa wa inchi yenu!”

“Ile siku ku kochi haukusema vile.”

Djamila alitazama wanafunzi wake, nao wakamtazama yeye. “Tengenezeni,” alisema. “Na mutie bomba ya maji kandokando, bantu basiende tena ku mto.” Upande wa pili alisikia kalamu ikiandika.

Tangu hapo wanapiga kila mara. Wameomba ruhusa ya kufungua masoko, ya kuwaachisha kazi mawaziri wawili, ya kuchimba kisima. Alijaribu kukataa kujibu, lakini asipojibu nchi nzima inasimama na kungoja, na watu wanalala njaa kwa adabu. Kwa hiyo anajibu. Akirudi nyumbani jioni simu inalia tena, na mama yake anatoa kichwa jikoni.

“Ni nani?”

“Ni Bwelo, mama.”

“Banataka nini leo?”

“Banauliza kama banaweza kupunguza wimbo ya taifa, ikuwe mufupi.”

Hawa alifikiri, akipepeta mchele. Nje, Mansour alikuwa chini ya lori na spana, anaimba kwa sauti wimbo huohuo wa Bwelo, aliojifunza akingoja daraja, ubeti baada ya ubeti.

“Baambie ndiyo,” Hawa alisema. “Batoe hata nusu.”